Machicha ya Dawa

Mimi nina hasira, na sifichi. Mtu akiniuliza "Unaendeleaje?" huku macho yake yameshakwenda kwingine, namjibu "Vibaya," kisha naondoka nimwache hapo hapo na adabu zake. Sikuzaliwa hivi. Hasira hii niliiokota kwenye mabenchi ya hospitali, miaka ile ya ruksa, mashamba ya mkonge ya Kilosa yalipokuwa yakiuzwa moja baada ya jingine, mitumba ikamwagika sokoni, na kila kichochoro kikapata zahanati ya mtu binafsi. Niliumwa miaka mingi. Na kitu nilichokitaka kuliko hata kupona ni mama yangu mzazi aamini kwamba naumwa. Hicho tu.

Ilianza shingoni. Niliamka asubuhi moja nikadhani nimelala vibaya. Baada ya wiki ikashuka mabegani, ikaingia kwenye viwiko, nyonga, mpaka ndani ya magoti, pale magoti mawili yanapogusana mtu akilala ubavu. Hayakuwa maumivu ya kukatwa wala ya kuvunjika. Ni maumivu ya mtu aliyepigwa jana, na jana hiyo haiishi. Kamba ya sidiria ilikuwa inanitoa machozi. Nalala usiku kucha, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kichwa nacho kikawa hakikamatiki: natumwa chumvi, nafika dukani nimesahau nilichofuata, narudi na kiberiti, natukanwa.

Hospitali walinipima damu, wakanipima choo, wakanipima mkojo, wakanipiga picha. Hakuna kitu. Wakanitibu malaria nisiyokuwa nayo mara tatu, mpaka masikio yakawa yanavuma. Mwisho daktari mmoja kijana akafunga faili langu akaniambia, "Mama, wewe ni mzima kabisa. Nenda kalime." Mzima! Mzima gani anashindwa kunyanyua mkono kusuka nywele zake mwenyewe? Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, nikatoka.

Mtaani wao walikuwa na jibu tayari. Miaka ile mwanamke akikonda na kulala-lala hovyo jibu lilikuwa moja: amekanyaga waya, yaani ana ukimwi. Nikaenda kupima na hilo. Sikuwa nalo. Nikampelekea mume wangu karatasi, akaisoma, akairudia, akasema hata vipimo navyo hukosea. Wiki ile ile akafunga mizigo yake akaenda Morogoro, na habari nilizopata baadaye ni kwamba alioa. Potelea mbali. Mimi nikarudi kwa mama yangu, kijijini Masanze.

Sasa nieleze habari za mama, kwa sababu bila yeye haya yote hayana maana. Baba yangu alikuja Kilosa manamba, kibarua wa mkataba kutoka kusini, akamkuta mama kambini, naye ni mtoto wa manamba vilevile. Baba akafa mimi bado sijaota meno yote. Nyumba ya kambini ilikuwa ya shamba, na ili tusifukuzwe, mama akaingia kazini mwenyewe. Alikuwa anapokea singa mbichi, nyuzi za mkonge, zikitoka kwenye mashine zinachuruzika maji, anazibeba begani, anakwenda kuzianika kwenye waya. Kila kibarua alikuwa na kipande, kadi inayojazwa siku aliyotimiza kazi. Asubuhi nyapara anapita mstarini, na ukimwambia unaumwa, kipande hakijazwi. Ukisema mara ya pili anakuandika jina. Mara ya tatu anakuja mtu kukuuliza unahama lini. Basi wanawake wa kambi ile walijifunza kitu kimoja wakakijua vizuri kuliko sala: kutosema.

Shamba lilipouzwa na vibarua wakapunguzwa, mama akapata kieneo Masanze akawa mkulima. Lakini kambi haikumtoka. Alfajiri yuko macho. Kanga moja kiunoni, nyingine imefunika mabega mpaka viwikoni, jua liwake linavyowaka. Kwetu mtoto haoni mwili wa mama yake, na mimi sikuwahi kuuona wake, hata mgongo. Niliporudi na mabegi yangu nikamsimulia yote, hospitali, mume, kila kitu, alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage. Kisha akasema, "Maumivu hayaliwi. Kesho tunalima kwa jirani."

Wanawake wa pale walikuwa wanalimiana kwa zamu: leo wote kwako, kesho wote kwangu, kila mtu na mstari wake. Asiyelima wa mwenzie, wake haulimwi. Siku ya kwanza nilikwenda hatua labda ishirini, mikono ikafa ganzi, nikakaa chini. Wenzangu wakapita. Wakaanza kunicheka pembeni, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Wa mjini huyo, mwili wa mayai." Mama alimaliza mstari wake, akarudi mwanzo wa shamba, akalima na wangu, mbele ya wanawake wote, bila kunitazama. Tulipofika nyumbani akasema neno moja tu: "Umeniaibisha." Nililia jikoni nikijifanya ni moshi.

Ikawa hivyo msimu mzima. Mgeni wa mama alikuwa mmoja tu, bibi mmoja tuliyeishi naye kambini zamani, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake pale kijijini. Alikuja kila baada ya wiki chache na kikapu chake kidogo chenye mfuniko. Namwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba, hujambo?" Wanaingia ndani na mama, wanafunga mlango, wanakaa humo muda mrefu. Nilidhani wananusa ugoro. Nikasema moyoni, haya, wazee na starehe zao.

Habari za Mchina mmoja anayetibu Mikumi nilizipata sokoni Kilosa. Wakati ule dawa za Kichina ndiyo zilikuwa zimeanza kuzagaa, na walaghai walikuwa wengi kuliko waganga, kwa hiyo sikutegemea kitu. Lakini mwenye kuumwa hachagui mlango wa kubisha. Nikapanda lori la magunia, tukapita kijiji cha Ulaya, barabara mashimo matupu, na kila shimo nililisikia kwenye nyonga zote mbili. Nilifika Mikumi nimekunjika. Utingo alinishusha kama anavyoshushwa mgonjwa wa machela, na wanawake wa kuuza ndizi wakanisogezea gunia nikalie.

Zahanati yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka, karibu na barabara kuu, malori ya Zambia yakipita ukuta unatikisika. Daktari alikuwa mwanamke, wa umri wa mama yangu. Mumewe alifanya kazi kwenye reli Wachina walipokuja kuijenga, na aliporudi mara ya pili akaja na mkewe, naye akabaki. Kiswahili chake kilikuwa kifupi kifupi lakini kilieleweka. Hakuniuliza karatasi za hospitali. Aliniambia nitoe ulimi, akautazama. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akasikiliza mapigo, akahamia mkono wa pili. Halafu akasimama nyuma yangu, akanibonyeza kwa dole gumba begani, karibu na shingo.

Nilipiga kelele. Wallahi nusura nimzabe kofi. Hakunijali, akabonyeza pale fuvu linapokutana na shingo, akabonyeza kando ya kiwiko, kifuani chini ya mtulinga, nyonga, ndani ya goti. Kila alipoweka dole pakawaka. Hakuna aliyemwonyesha. Alikwenda moja kwa moja, mahali baada ya mahali, mkono wa kulia na wa kushoto.

Akaja mbele yangu akakaa. "Maumivu yako ya kweli," akasema.

Jamani! Nililia mpaka kamasi. Maneno manne tu. Nilikuwa nimeyatafuta hospitali, kwa mume, kwa mama, nimekuja kuyapata kwa mtu wa Uchina. Alinipa kitambaa akaningoja.

Alinieleza kwa namna yao. Kwamba mwilini mna njia, damu inapita na nguvu ya uhai inapita, na njia zangu zimeziba. Baridi na unyevu vimeingia vikakaa. Palipoziba panauma. Akasema na hospitali kubwa wana jina lake, akaniandikia kwenye karatasi: faibromialjia. Nilijaribu kulitamka nikashindwa, tukacheka wote wawili. Akasema halina dawa ya kulimaliza, iwe kwao au hospitali. "Kuna dawa ya kuishi nalo." Kisha akauliza, "Mama yako naye anaumwa?"

"Mama?" nikamjibu. "Mama yangu ni chuma."

Sindano ndizo zilizotaka kutugombanisha. Aliposema atanichoma nilifurahi, maana kwetu wakati ule dawa ni sindano. Vidonge ni vya kumnyamazishia mtu. Nikajitayarisha kabisa. Nikaona anatoa visindano vyembamba, havina bomba, havina maji, anavichomeka kwenye miguu na mikono na kuviacha vimesimama. Nikamuuliza, dawa iko wapi? Akasema hakuna dawa, sindano yenyewe ndiyo. Ebo! Nimekunjika kwenye lori nusu siku nije kuchomwa sindano tupu? Nilimfokea nikiwa nimelala vile vile, siwezi hata kuinuka kwa vile visindano. Alikwenda kuketi kwenye kiti chake akasubiri nimalize. Nilimaliza kwa kusinzia. Nilipoamka jua lilikuwa limehama dirisha, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kuamka nikajisikia nimelala.

Basi nikawa naenda kila nilipopata lori. Sindano, na majani makavu yaliyosokotwa anayachoma na kuyapitisha karibu na ngozi mpaka joto linazama, na vikombe vya kioo anavyovitia moto kidogo ndani na kuvibandika mgongoni vikavuta nyama. Akanipa na dawa ya kuchemsha, mizizi na magome na vitu vingine ambavyo sikutaka kujua ni nini, chungu mpaka meno yanaganda. Akanipa na masharti: maji ya moto miguuni jioni, kujinyoosha taratibu kila asubuhi, kulala saa ile ile, na siku niliyoamka nafuu nisijitutumue nikalima kwa hasira ya siku zilizopita. Hilo la mwisho lilinishinda kuliko ile dawa chungu.

Sikupona. Niseme ukweli, maana watu wanapenda hadithi za kupona. Kulikuwa na wiki za kulala chini vile vile, na mvua zikianza ndiyo kabisa. Lakini siku za nafuu zilianza kuonekana, mbili, tatu, zikifuatana. Nikaweza kusuka nywele. Nikaweza kulima nusu mstari.

Niliporudi mara ya kwanza na alama za vile vikombe nilimwonyesha mama bega langu kwa makusudi. Miduara myekundu inayokaribia zambarau. Nilitaka ashtuke, aone kwamba kuna mtu mwenye akili zake amekubali kunitibu. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Chuku hiyo," akasema. "Wamekuumika, kama wa kwetu na pembe zao." Akageuka akaendelea kupepeta mchele.

Mzigo mmoja wa dawa nilikuwa nauchemsha mara mbili, kama nilivyoelekezwa. Ukishachemka mara ya pili nguvu imekwisha. Yanabaki machicha, nayamwaga nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mama alikuwa anapita pale jikoni anauliza vitu vya ovyo. Inachemka muda gani? Inanywewa kabla ya kula au baada? Hiyo sindano yake inauma? Mimi nilichukulia ananidhihaki. Siku moja akauliza kama yule Mchina wangu yuko mbali na barabara. Nikamwambia, "Mama, unataka nini? Uzee hautibiwi." Akachukua ufagio akaenda kufagia uwanja.

Tuligombana siku ya kuvuna mpunga. Nilikuwa nimeamka vibaya, shingo haigeuki, na yeye akasimama mlangoni na magunia matupu na mundu anasema wenzetu wameshatangulia. Nikamwambia siendi. Akasema, "Utalala mpaka lini?" Basi kikanipanda. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyaweka: kwamba mgeni wa Uchina amenionea huruma kuliko aliyenizaa, kwamba ananionea haya mbele ya wanawake kwa sababu hana moyo. Nikamwambia, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Wewe hujawahi kuumwa hata siku moja, utajua nini?"

Alinitazama. Nakumbuka alihamisha magunia kutoka bega la kulia akayaweka la kushoto.

"Ni kweli," akasema. "Sijawahi."

Akaenda kuvuna bila mimi. Jioni aliniletea uji kitandani, akauweka chini akaondoka, na mimi sikusema samahani. Nilisema moyoni, siku akiniamini ndiyo nitamwomba radhi. Hata uji wake niliunywa ulipopoa, kwa kiburi.

Siku hiyo haikufika. Mvua zilizofuata nilitoka Mikumi nikamkuta ana homa. Siku ya pili tukampeleka Kilosa, ya tatu akafa, asubuhi, mkono wake uko kwenye wangu. Alikuwa ananiambia kuna kuku hawajafungiwa.

Tulimrudisha Masanze. Bibi yule wa kikapu ndiye alikuja kumwosha, na kwa kuwa mimi ni binti nikaingia naye nyuma ya pazia. Wakatuletea maji ya uvuguvugu yenye majani ya mkunazi. Bibi akanifundisha kabla hatujaanza: kitambaa hakitoki kuanzia kitovuni mpaka magotini, maji kwanza upande wa kulia, na mkono uwe mwepesi. "Taratibu," akasema. "Maiti anasikia maumivu kama aliye hai."

Tukamfunua mabega. Mimi ndipo nilipomwona mama yangu.

Alikuwa na makovu. Madogo madogo, ya wembe, yamekusanyika mafungu mafungu, mengine meupe ya zamani, mengine bado mekundu. Fungu moja kila bega, karibu na shingo. Tulipomgeuza ubavu, fungu pale fuvu linapokutana na shingo. Kando ya viwiko. Chini kidogo ya kitambaa, ndani ya goti, la kulia na la kushoto. Sikuhitaji kuambiwa. Sehemu zile nilizijua. Nilishazipigia kelele zote, moja moja, Mikumi.

Kata ya maji ilinitoka mkononi. Bibi akaiokota.

"Nani alimkata?" nikauliza.

"Mimi," akasema. "Tangu kambini. Namuumika kwa pembe, damu chafu itoke, anapata siku mbili tatu za kubeba singa." Akaendelea kumwagia maji taratibu. "Wewe ulikuwa unatambaa."

"Kwa nini hakuniambia?"

Bibi aliangalia pazia kama kuna mtu nyuma yake. Mwosha maiti hasemi ya maiti, hata mimi najua. "Alinikataza," akasema. "Alisema, akijua na mimi ninalo gonjwa lake, atajua haliishi. Mwache anichukie, lakini adhani litaisha."

Halafu akanieleza na lile jingine, na lile ndilo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujipiga. Machicha yangu. Yale niliyokuwa namwaga kwenye migomba. Mama alikuwa anayaokota, anayaosha, anayachemsha mara ya tatu kwa bibi ili nisinuse harufu, anakunywa. Yalikuwa maji tu, nguvu haimo tena. "Nilimwambia akuombe japo kikombe kimoja," bibi akasema. "Akasema dawa haitoshi watu wawili, na wewe ndiye bado una miaka."

Nilitaka kupiga kelele nikakumbuka nje wamekaa watu. Mwanamke yule alikuwa amelima mstari wake akarudi akalima na wangu, kwa mabega yale yale. Na mimi nilimwambia hajawahi kuumwa hata siku moja, akanijibu ni kweli.

Bibi akanipa kata. Nikachota maji, nikayapima kwanza kwenye mkono wangu kama hayachomi, nikaanza na bega la kulia.

"Taratibu hapo, mwanangu," bibi akasema. "Hapo panamuuma."

"Najua," nikamjibu.